Mkwe Asiyesema Hewani

Mtoto wa dada yangu, Tharcisse, anafanya kazi ya kampuni ya madini akiwa amekaa sebuleni kwake, Manika, hapa Kolwezi. Anafungua kompyuta, anaandika neno lake la siri, kompyuta haimwamini. Inampelekea namba kwenye simu, anaandika na ile namba, ndipo mlango wa kampuni unafunguka. "Tantine, huu njo usalama," ananiambia, kichwa kimemvimba. "Mwizi akiiba neno yangu, hana simu yangu." Nikamwambia, weye mutoto, nyamaza kwanza. Usalama huo Adolphine alikuwa nao kabla mama yako hajakuzaa, na hakuwa na kompyuta. Alikuwa na mkwe.

Adolphine ninayemsema alikuwa jirani yangu huku Kapata, ukuta mmoja, bomba moja la maji. Alizaliwa Kabongo, akaletwa Kolwezi na mume wake, Kisimba, mchimbaji. Kisimba akafia chini ya ardhi, na kampuni ikamchukua mjane kazini, kwa sababu masista walikuwa wamemfundisha Kifaransa kizuri na sauti yake ilisikika hata radi ikipiga. Wakamweka kwenye foni, ile redio ya kuongea na vituo vya mbali. Mimi, Henriette, nilikuja nyuma yake, nikawa msaidizi wake. Alinigombeza siku ya kwanza, akanigombeza siku zote. Nilimpenda hivyohivyo.

Vituo vyenyewe vilikuwa porini: pampu kando ya Lualaba, vibanda vya umeme, walinzi wa waya. Watu walikaa huko majuma na majuma, hakuna simu, hakuna barabara ya maana mvua ikinyesha. Kila asubuhi Adolphine aliwaita mmoja mmoja, akimaliza na "À vous", yaani zamu yako, nao waliitika: pampu imezima, mafuta yamekwisha, fulani ameumwa na nyoka. Sisi tulikuwa masikio ya kampuni, na wao walikuwa mikono yake.

Halafu wezi wa shaba wakajifunza foni. Wakapata mashine yao, wakaita kama vile wao ni kituo fulani, wakauliza walinzi wanabadilishana saa ngapi. Siku ya pili waya umekatwa, hakuna hata kipande! Kampuni ikaweka neno. Kila juma neno jipya, dereva wa lori la mafuta alilipeleka kwa mdomo tu, kituo kwa kituo. Asiyelijua, Adolphine alimkatia hewa, hata kama alimjua tangu utoto. "Sauti yako najua," alimwambia mmoja aliyesahau. "Sauti haitoshi. Tafuta neno, utanikuta hapa."

Kwenye pampu ya Lualaba alikuwako fundi mmoja, Mpoyi. Mkasai. Lakini Mkasai wa wapi? Babu yake aliletwa na wazungu kuja kutandika reli, baba yake alizaliwa Kapata, yeye mwenyewe alizaliwa Kapata, na Kasai aliijua kwa nyimbo za arusi tu. Alikuwa na utani. "Allô mama Kolwezi, leo umekula nini? À vous!" Na Adolphine, yule mkali, alicheka mpaka vituo vyote vikacheka naye, maana hewani kila mtu anamsikia kila mtu.

Basi huyo Mpoyi akampenda Laure, binti wa pekee wa Adolphine. Mahari ikatoka, tukacheza, tukala. Jumatatu Adolphine anaita: "Allô Pampu, hapa Kolwezi. À vous." Kimya. Anaita tena. Tukasikia kitu kinagonga: ko, ko, ko. Kisha sauti ya Nkulu, muzee mmoja wa Lunda aliyekuwa akitia mafuta kwenye mashine, sauti ya mtu mwenye haya.

"Mama Kolwezi, neno ni kitunguu. Mpoyi anasema pampu mbili zinaenda muzuri. À vous."

"Mpoyi eko wapi? Anagonjwa?"

"Hapana, mama. Eko hapa pembeni yangu. Njo eye alipiga ko-ko-ko na kidole. Anasema hawezi kusema na weye tena, juu weye ni mukwe yake."

Lo! Hewa nzima ikapasuka kwa kicheko. Lakini mimi na Adolphine hatukucheka, maana heshima ya bukwe tunaijua. Kwetu na kwao ni moja: mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, hali chakula mbele yake, na jina lake halitaji kamwe. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Wakiwa na neno la kuambiana, wanapitisha kwa mtu wa tatu. Enjinia mkuu alikasirika, akasema sheria inataka mkuu wa kituo aitike mwenyewe. Adolphine akamwambia, "Shefu, ule ni mukwe yangu," akarudi kutafuna karanga zake. Tangu hapo ikawa hivyo kila asubuhi: ko, ko, ko, kisha Nkulu. Mpoyi yule mtani hakumwambia tena Adolphine hata neno moja. Heshima si utumwa, walisema wakubwa, na kwa Mpoyi niliiona heshima yenyewe.

Halafu dunia yetu ikaanguka. Sijui niseme vipi mtu wa leo anielewe. Mgodi uliporomoka, mashine zikasimama, watu wakauza vyuma kwa kilo, mishahara ikawa hadithi. Njaa ikaingia nyumba hizi za Kapata, na njaa ikishaingia inatafuta mtu wa kulaumiwa. Wakubwa wakasema redioni kwamba Katanga ni ya Wakatanga. Vijana tuliowafunga nepi, kweli, kwa mikono yetu, wakatoka na mapanga na minyororo ya baiskeli, wakawaita Wakasai bilulu, wadudu. Bilulu batoke! Wakapiga mabati, wakatia moto magodoro. Jirani wa kushoto akamwonyesha jirani wa kulia. Mimi niliona kwa macho yangu mwalimu wa watoto wangu akiburutwa na watoto aliowafundisha kuhesabu. Nilifunga dirisha. Ningefanya nini?

Na wanawake wetu walioolewa na Wakasai ndio waliochukiwa kupita wote. Huko mtaa wa pili walimkuta mmoja amejificha na watoto wake chini ya kitanda. Sitasema walichomfanyia. Watoto hawakutoka wazima, na nyumba iliyowaficha ilichomwa na mwenyewe ndani.

Laure alikuwa na wawili: Mukuna, amekwisha kuanza shule, na Mamie, bado wa mgongoni. Mpoyi alikuwa kule Lualaba, njia zimefungwa, hawezi kuja. Nyumba ya Adolphine ingekuwa ya kwanza kutafutwa, hiyo hata mwendawazimu angejua. Kwa hiyo tukawahamisha, tukawaingiza kwangu, kwenye stoo, nyuma ya magunia ya makala, makaa ya kupikia. Mpoyi hatukumwambia. Tungemwambia kwa njia gani? Foni ni masikio ya watu wote. Tulimpitishia Nkulu maneno haya tu: treni ya kuwapeleka Wakasai Kasai inakuja, subiri, tutakuita.

Nawaambia ukweli, sijawahi kuogopa vile. Kikombe kikianguka, moyo unaruka. Mamie alikuwa na kikohozi, na kila akikohoa niliimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa kama mlevi. Vijana walikwenda kwa Adolphine, wakavunja kabati, wakapasua godoro. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Laure hayuko. Chukueni na chungu, kama munataka." Walipoondoka akaanza kuokota vipande vya kabati.

Kazini tulikwenda, maana kutokwenda kungeonyesha kitu. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa adhuhuri moja, jua kali, tumekaa mbele ya mashine, hakuna aliyetarajia kuita saa hiyo. Foni ikakohoa.

"Allô Kolwezi, allô Kolwezi, hapa Pampu. À vous."

Nikamjua mara moja. Mpoyi! Sauti ambayo hatukuisikia tangu mahari. Nikaruka kwa furaha, nikapiga makofi: yuko hai! Adolphine hakuruka. Alisogea mbele polepole, akabonyeza.

"Neno ya juma? À vous."

"Sindano."

Lilikuwa lenyewe. Sindano, dereva alilipeleka Jumatatu.

"Mama Adolphine," sauti ikasema, "Laure na batoto beko wapi? Niambie pahali, mi nikuye kubabeba. À vous."

Adolphine akaondoa kidole kwenye kitufe. Mimi nikamwinamia sikioni. "Mwambie! Mwambie beko kwangu! Mutu anatafuta bibi yake!" Akanishika mkono hapa, kwenye kifundo, akabana mpaka nikataka kulia.

Akabonyeza. "Nkulu eko wapi? À vous."

"Nkulu alienda kutafuta mafuta, Mama Adolphine. Niko peke yangu, Mama Adolphine. Nakuomba. Beko wapi?"

Mara tatu. Mimi sikuhesabu, yeye alihesabu. Uso wake ukawa rangi ya majivu. Kisha akanyoosha mgongo, akasema kwa ile sauti yake ya kila siku, ya kuagiza mafuta na vipuri:

"Laure na batoto balishaenda. Lori ilibapakia jana, njia ya Likasi. Hawako tena Kolwezi. Terminé."

Akakata hewa. Akazima na mashine yenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana.

Nilimlipukia. "Adolphine, weye mutu gani? Ule ni Mpoyi!"

"Najua ni Mpoyi."

"Neno alisema, sauti ni yake, unataka nini tena? Kitambulisho?"

"Ametaja jina langu," akasema. "Hakugonga, na ametaja jina langu."

Nikamwambia, na bado nakumbuka maneno yangu, kwamba mtu aliye peke yake atapitisha kwa nani? Kwa pampu? Kwamba mwoga anasahau adabu, na mtu anayefukuzwa na panga hana nafasi ya bukwe. Hakunijibu kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Labda," akasema. "Labda ni woga. Kama ni woga, Henriette, basi nimemufungia mlango mukwe yangu, atabakia nje, na atakufa. Na kama si woga, kuna mutu amesimama nyuma yake." Akajifunika uso kwa kitambaa. "Mungu wangu, nitajua vipi? Nitajua vipi?"

Hatukujua. Tulirudi nyumbani na hofu mbili, moja kila bega: tuliogopa kwamba wanakuja, na tuliogopa kwamba tumemwacha. Laure akauliza, kuna habari ya Mpoyi? Mama yake akasema hakuna. Akaingia nyuma ya magunia, akakaa na binti yake gizani, akamsuka nywele, akazifumua, akazisuka tena.

Treni ikaingia, kwa mabehewa yaliyo wazi ya kubebea mawe. Asubuhi tukatoka. Mamie mgongoni mwangu, Mukuna na beseni langu la ndakala, samaki wadogo wakavu, kichwani, kama mtoto wangu anayenisindikiza sokoni. Adolphine na Laure mbele, mama na binti wanaozozana kuhusu bei ya unga. Kwenye kizuizi kijana mmoja, namjua, Mungu amsamehe, mimi bado, akamshika Mukuna kidevu. "Jina yako nani?"

Mtoto akafungua mdomo. Jina lake la Kasai lingetuua sote.

"Anaitwa Kisimba," nikasema haraka, "na meno inamuuma, usimuguse, atakuuma na weye." Kijana akacheka. Tukapita. Hatua chache mbele nikagundua nimejikojolea, mwanamke mzima mimi.

Stesheni watu walikuwa wamelala kama mahindi yaliyomwagwa. Askari walikuwa wakilinda lango, kwa hiyo ukishaingia unapumua, kama unaweza kupumua ile harufu. Tukampandisha Laure na watoto. Behewa likajaa. Laure akashikilia ukingo, anatazama lango, anatazama lango, na Adolphine hatazami popote. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Filimbi ya kwanza ikalia.

Ndipo nikasikia: ko, ko, ko.

Mtu alikuwa anagonga chuma cha behewa, upande wa pili. Mpoyi. Jicho moja limefungwa, shingoni amefungwa kitambaa chenye damu, shati si lake. Karibu naye Nkulu, na baiskeli yenye magunia ya makala. Laure akapiga ukelele. Na Mpoyi, katika hali hiyo, watu wanasukumana, treni inataka kuondoka, alimwona Adolphine, naye akageuza uso wake kwenye ukuta wa behewa. Kweli tupu! Akasema na chuma.

"Nkulu, ambia mama: balinishikia panga hapa. Balitaka nimuulize. Nilimutaja jina ili asinijibu. Anisamehe. Nitamuletea kuku ya kuosha ile kosa."

Nkulu akamgeukia Adolphine, naye alikuwa hatua mbili tu na alisikia kila kitu, akamwambia yote upya kama inavyotakiwa. Akaongeza ya kwake: yeye alikuwa amejificha kwenye matete, akawaona vijana wakirukia pikapu yao kukimbilia njia ya Likasi, wamemwacha Mpoyi amefungwa kwenye bomba, akaenda akamfungua.

Adolphine machozi yalimwagika, lakini na yeye akageuka, akawapa mgongo. "Ambia ule mutoto," akasema, "nilisikia. Ambia kuku alete eye mwenyewe."

Treni ikaondoka. Mamie alikuwa ananitafuta mimi, kwa sababu mgongo wangu ndio aliouzoea.

Baada ya hapo, kimya. Tulisikia habari za njiani: treni zilisimama porini siku na siku, kipindupindu, watu walizikwa kando ya reli. Kila habari Adolphine aliisikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Kuku yangu iko njiani." Foni nayo ikafa, mashine ikaibwa, vituo vikaota majani. Adolphine akapika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akawauzia wachimbaji wa karibu na Kingamyambo. Alizeeka vibaya. Usiku au mchana, mtu akigonga mlango wake, alishtuka mwili mzima, halafu anasubiri. Waliogonga mara mbili tu, alichelewa kuwafungulia.

Miaka ikapita, simu za mkononi zikaingia. Mimi nilipata moja kabla yake, mwanangu alininunulia. Wafanyabiashara wa Mbuji-Mayi, kule Kasai, nao wakaanza kurudi, pole pole, kama watu wanaorudi nyumba iliyoungua, na nilimpa namba yangu kila mmoja wao, hata wale walionicheka. Jumapili moja tumetoka misa, tunamenya muhogo uani kwangu, simu ikalia. Namba siijui. "Allô?" Hakuna mtu. "Allô, nani?"

Ko, ko, ko.

Nilimpa tu simu. Adolphine aliibandika sikioni na mikono yote miwili, na mgongo wake ukanyooka, nikamwona tena yule wa mbele ya mashine.

"Allô Pampu," akasema. "Hapa Kolwezi. Minasikia. À vous."

Kimya. Alisubiri Nkulu, nafikiri, au mtu yeyote wa kumsemea. Kisha akaelewa kwamba Mpoyi hana mtu karibu.

"Hauna mutu wa kupitisha? Basi usiseme, baba. Piga tu kidole. Mukuna eko?"

Ko.

Akafumba macho. "Mamie eko?"

Ko.

Mimi nilikuwa nalia tayari, kisu mkononi, nasema asante Yesu, asante. Adolphine akapumua, akatabasamu kidogo, meno yamebaki machache.

"Na Laure? Laure wangu eko?"

Tukasubiri. Nilisikia simu inavuma, na kwa mbali jogoo wa huko Kasai. Nikasogea, nikaweka sikio langu karibu na lake. Nikasema moyoni, gonga, Mpoyi. Gonga, nakuomba.

"Mama Adolphine," sauti ikasema.

Basi. Hakuweza zaidi, akaanza kulia, kilio cha mwanaume aliyebeba kitu miaka yote hiyo na sasa amekitua. Nilinyoosha mkono nichukue simu, kwa sababu nilimwona Adolphine anayumba. Akanishika kifundo, palepale pa siku ile.

"Minasikia, Mpoyi," akamwambia. "Lia, baba. Leo sikati."

Na hakukata. Alikaa na simu sikioni mpaka unité za simu ya Mpoyi zikaisha.